Mchoro ni wako, kiwanja si chako

Sisi wa Mombasa hatuhitaji kufundishwa maana ya nyumba bila ardhi. Unajenga, unapaka chokaa, unaoza watoto hapo hapo uani, na bado kila mwezi unampelekea mwenye kiwanja kodi yake. Hilo ndilo lililonijia mwezi uliopita, mpwa wangu alipofika kwangu na kompyuta kwapani.

Ana karakana ndogo ya vyuma. Alikuwa amechora mashine ya kukunia nazi, kila kipande kwa kipimo chake, na leseni ya programu aliyochorea ikaisha. "Mjomba, faili naiona, lakini haifunguki," akaniambia. Mteja anangoja, na ada ya mwaka inazidi faida ya mashine yenyewe.

Zamani ulinunua programu mara moja ikawa yako, hata ukakaa na toleo moja miaka kumi. Mwaka 2016 Autodesk, wenye AutoCAD, waliacha kuuza leseni mpya za kudumu, na wengine wengi sasa wanataka ulipe kila mwaka. Wanaotetea mtindo huu wana hoja. Leseni ya kudumu ilikuwa ghali mno kwa anayeanza, na anayelipa kidogo kidogo hupata masahihisho bila gharama nyingine. Hapo siwapingi. Ugomvi wangu uko kwenye faili.

Tangu Pro/ENGINEER ilipotoka mwaka 1988, programu hizi hazihifadhi umbo peke yake. Huhifadhi pia hatua zote za kulifikia: tundu liko katikati ya bamba, basi ukiongeza upana wa bamba, tundu husogea lenyewe. Humo ndimo ilimo akili ya fundi. Lakini kila programu huziandika hatua hizo kwa mwandiko wake, na nyingine haziwezi kuusoma. Iko faili ya pamoja iitwayo STEP, kiwango cha kimataifa ISO 10303 kilichotolewa mwaka 1994, ambayo programu nyingi za kazi hii huifungua. Kwa kawaida, hiyo hubeba umbo na kuziacha hatua. Ni kama kuletewa pilau iliyoiva bila kuambiwa vipimo vya viungo.

Wala si shida ya wanyonge tu. Airbus walipounda A380, ile ndege ya ghorofa mbili ambayo Emirates ndio walionunua nyingi kuliko wote, wahandisi wa Hamburg walikuwa wakitumia toleo la nne la CATIA na wenzao wa Toulouse toleo la tano. Programu ni moja, matoleo mawili, na hesabu za nyaya hazikuoana. Ndege moja ina zaidi ya kilomita 500 za nyaya. Zilipofika Toulouse, nyingine zikawa fupi. Ndege ya kwanza ilikabidhiwa Singapore Airlines Oktoba 2007, zaidi ya mwaka mmoja baada ya ahadi.

Kwa hiyo kila kipande kikikamilika, toa nakala ya STEP, na nyingine ya PDF yenye vipimo vyote, uziweke kwenye flashi yako. Anayetaka kukwepa kodi kabisa kuna FreeCAD, ya bure. Kwa miaka mingi ilikuwa na ila: ukibadilisha hatua ya mwanzo, programu hupotewa na majina ya nyuso na mchoro mzima kuvurugika. Toleo la 1.0, lililotoka Novemba 2024, limepunguza sana tatizo hilo. Si nyepesi kama zile za kulipia, nisidanganye mtu.

Mpwa wangu ameanza nayo. Kwa bahati, baadhi ya vipande alikuwa amempelekea mkata vyuma kwa STEP, hivyo maumbo yake amerudishiwa. Vilivyobaki anavipima upya. Juzi nilimkuta sakafuni na vernia mkononi, ameifungua mashine ya kwanza aliyowahi kuuza, ameiazima kwa mteja wake siku mbili. Vimebaki vipande sita.