Ziwa gumu kama jiwe (sehemu ya 3)

Baada ya somo letu la maziwa kuganda, dada mmoja aliniandikia pembeni: wiki tatu anakandwa kwa maji ya moto, ziwa halilainiki. Mwishoni kabisa ndiyo anataja kwamba miaka ya nyuma aliwekewa silikoni. Jamani, hilo si la kutajwa mwishoni! Basi leo tupate historia kidogo.

Nasema mifuko inayowekwa ndani ya titi ili likue, siyo vile vipandikizi vya mkononi tunavyoweka kliniki ya uzazi wa mpango.

Mambo haya ni ya zamani. Karibu na mwaka 1900 kuna madaktari Ulaya waliwachoma wanawake sindano za nta iliyoyeyushwa. Nta ikaganda, yakatokea mabonge na vidonda. Mifuko ya silikoni ikaja 1962, mjini Houston, Marekani. Wa kwanza alikuwa mama wa watoto sita, Timmie Jean Lindsey. Yeye alifuata kufutwa tatuu kifuani tu! Wakamshawishi, naye akakubali kwa sharti wamrekebishe na masikio.

Sasa sikia. Mwiba ukibaki mguuni, mwili huuzungushia nyama ngumu. Mfuko nao huzungushiwa kovu, kwa kila mwanamke. Kwa wengi linabaki laini. Kwa wengine linakaza, linabana mfuko, ziwa linakuwa gumu, linapinda, linauma. Linaweza kuanza miezi michache baadaye au baada ya miaka mingi.

Miaka ya 1970 madaktari walikuwa wanaliminya ziwa kwa mikono, kwa nguvu zote, hadi kovu lipasuke ndani. Mifuko nayo ikapasuka, damu ikavia. Wakaacha. Ndiyo maana nilishtuka niliposikia habari ya kukandwa.

Marekani ilizuia mifuko hiyo kwa matumizi ya urembo mwaka 1992, ikairuhusu tena 2006. Ufaransa mwaka 2010 ikagundulika kampuni ya PIP ilijaza silikoni ya viwandani, isiyo ya tiba. Maelfu wakaitolewa.

Na msione ni mambo ya Wazungu. Upasuaji wa urembo sasa upo hata Mloganzila, na wanaorudi nao huku Kharumwa wanazaa na kunyonyesha kama sisi. Wengi wananyonyesha vizuri tu.

Dada yangu, waambie waache kukanda. Kesho nenda hospitali, mwambie daktari una silikoni na uliwekewa mwaka gani, upigwe ultrasaundi. Ugumu huo unaweza kuwa kovu, jipu, hata saratani, na kwa mkono hatuwezi kutofautisha. Ukipata homa usiku huu, usisubiri kesho.