Faili la Akiba na Jina la Uganda

Umeme ukatikapo ghafla hapa Kampala, sisi waalimu tuandikao kwa kompyuta huhofia miswada yetu. Mholanzi Bram Moolenaar, aliyeitoa programu ya kuandikia iitwayo Vim mwaka 1991, aliifikiria hofu hiyo. Kila baada ya herufi 200, au mwandishi atuliapo kwa sekunde 4, Vim hutunza mabadiliko katika faili la akiba, lenye jina liishialo kwa .swp. Kazi ikifungwa salama, faili hilo hufutwa; kompyuta ikizimika ghafla, hubaki.

Turudipo, programu hutuonya. Tusikimbilie kulifuta. Kwanza tuhakikishe kwamba mswada haujafunguliwa kwingineko. Kisha tuiokoe kazi, tuihifadhi kwa jina jingine na kuilinganisha na ya awali. Hapo ndipo tufute mabaki, kwani onyo lirudialo kila siku mwishowe hupuuzwa.

Mwaka 1994 Moolenaar alijitolea katika kituo cha watoto cha Kibaale, kusini mwa Uganda. Programu yake ilikuwa bure, naye aliwaomba watumiaji wawasaidie watoto hao. Alifariki mwaka 2023. Hivyo chombo kilindacho maandishi yetu kililieneza pia jina la Uganda duniani.