Wahindi wa Kompyuta na Sikukuu Zao Ugenini

Huku kwetu Mhindi tumemjua tangu zamani akiwa nyuma ya meza ya duka. Bukavu, Bujumbura, Kigoma, Kampala, ndiko wazee wetu walikomkuta akipima kitambaa na kuandika madeni katika daftari lake refu, na chapati tunazokula asubuhi ni chakula chake. Lakini yuko Mhindi mwingine ambaye hakutoka kwao na mzigo wa vitambaa. Alitoka na hati za shule. Kazi yake ni kuandika programu, maana yake amri zinazoiongoza kompyuta katika kila jambo inalofanya, na wengi wa namna hii wanakaa Marekani. Nataka kueleza jinsi walivyofika huko, wanavyoishi siku za kazi, na hasa jinsi wanavyoshika sikukuu za kwao katika nchi ambayo juma lake la kazi halizijui.

Tuanze na mlango. Mwaka 1917 Marekani ilitunga sheria ya kuwazuia watu wa sehemu kubwa ya Asia, na Wahindi wakiwemo. Mwaka 1946 mlango ukafunguliwa kidogo: watu 100 kwa mwaka. Nchi yenye mamia ya milioni ya watu ikapewa nafasi 100! Ndipo tarehe 3 Oktoba 1965 Rais Lyndon Johnson akatia sahihi sheria mpya iliyoondoa desturi ya kuwapima wageni kwa asili yao, na wenye ufundi wakapewa njia.

India nayo ilikuwa imejiandaa bila kujua. Baada ya kupata uhuru mwaka 1947 ilianzisha vyuo vikubwa vya ufundi. Cha kwanza kilifunguliwa Kharagpur mwaka 1951, katika majengo ambayo Waingereza walikuwa wakiwafungia wapigania uhuru. Gereza likawa shule. Ni jambo zuri kulisikia. Lakini vijana wengi waliosomeshwa kwa fedha za taifa wakapanda ndege wakaenda zao, na wazee wa India wakanung'unika. Mimi siwezi kuwalaumu.

Hao wa kwanza walikuwa waganga na mainjinia. Wale wa kompyuta walifika kwa wingi baadaye, na sababu moja ni ya ajabu kidogo. Katika miaka ya 1960 nafasi ya kuweka maandiko ndani ya kompyuta ilikuwa ndogo na ya bei kubwa, basi waandishi wa programu wakaandika mwaka kwa tarakimu mbili tu: 1967 wakaiandika 67. Hakuna aliyefikiri kwamba programu zile zingeishi miaka arobaini. Kumbe mwaka 2000 ulipokaribia, watu wakaona kwamba kompyuta itasoma 00 na kudhani ni mwaka 1900. Madeni ya benki, malipo ya wazee, safari za ndege, hesabu zote zingeweza kuvurugika. Ikawa lazima kusoma programu za zamani mstari kwa mstari, maelfu kwa maelfu ya mistari, na nyingi zilikuwa zimeandikwa katika lugha ya kompyuta iitwayo COBOL, ambayo vijana wa Marekani hawakuipenda tena. India walikuwako watu walioijua na waliokubali kazi hiyo ya kuchosha. Makampuni kama Tata Consultancy Services, iliyoanzishwa mwaka 1968, yalikuwa yamekwisha kuzoea kupeleka mafundi ng'ambo.

Sheria ya mwaka 1990 ndiyo iliyoweka viza iitwayo H-1B, ya watu wenye elimu ya juu, 65,000 kwa mwaka. Kwa ajili ya miaka ya 2001 mpaka 2003 hesabu ilipandishwa kufika 195,000. Mwaka 2004 ikarudi 65,000, kisha zikaongezwa 20,000 kwa waliopata shahada za juu katika vyuo vya Marekani. Katika miaka hii ya karibuni, kati ya watu kumi wanaokubaliwa kwa viza hiyo, karibu saba ni wa India.

Viza hiyo ni kamba. Humfunga mtu kwa tajiri aliyemwombea. Inadumu miaka mitatu, ikiongezwa inakuwa sita. Akifukuzwa kazi, tangu mwaka 2017 amepewa siku 60 za kutafuta tajiri mwingine au kuondoka. Zamani hakupewa hata hizo. Anayetaka kukaa daima lazima aingie katika mstari, na sheria inasema hakuna taifa moja litakalopata zaidi ya sehemu 7 kwa mia za nafasi za kila mwaka. Kwa mtu wa nchi ndogo haidhuru. Kwa Mhindi maana yake ni kungoja miaka kumi, ishirini, na zaidi. Mkewe, hata akiwa mwenyewe injinia, hakuruhusiwa kufanya kazi. Mwaka 2015 ruhusa ilitolewa kwa baadhi yao tu, wale ambao waume zao wamekwisha fika mbali katika mstari huo. Na mtoto aliyeletwa akiwa mchanga, akitimiza miaka 21 kabla ya baba yake kupata kibali, hahesabiwi tena mtoto. Lazima atafute viza yake mwenyewe, ama arudi India ambayo pengine haikumbuki kabisa. Nimeeleza haya kwa urefu kwa sababu bila kuyajua hatuwezi kuelewa uzito wa sikukuu.

Maisha ya siku za kazi si ya fahari kama ndugu wa nyumbani wanavyodhani. Kijana mgeni hukaa na wenzake watatu au wanne katika nyumba moja ya kupanga, huko Edison katika New Jersey, au Sunnyvale na Fremont katika California. Mmoja hupika, mwingine huosha vyombo. Sufuria ya mvuke inapiga filimbi, dengu zinaiva, wali uko tayari. Mchele na bizari hununua katika maduka ya Kihindi. Patel Brothers walifungua duka lao la kwanza Chicago mwaka 1974, na leo wana maduka katika miji mingi. Asubuhi kazini hukutana na wenzake kwa dakika chache, kila mmoja aseme alifanya nini jana na leo atafanya nini. Kisha huketi mbele ya kioo mpaka jioni.

Usiku ni wakati wa simu. Zamani simu ya ng'ambo ilikuwa ya gharama kubwa, watu wakaandika kwanza maneno ya kusema ili wasipoteze dakika. Siku hizi wanaonana uso kwa uso bila kulipa kitu. Mtu wa California akipiga simu saa tatu usiku wakati wa kiangazi, kwa mama yake India ni saa tatu na nusu asubuhi ya kesho yake. Mwana anakwenda kulala, mama anatoka sokoni. Ndivyo wanavyosalimiana miaka nenda miaka rudi.

Sasa sikukuu. Sisi Wakristo tunajua kwamba Pasaka hufuata mwezi wa mbinguni, kwa hiyo haina tarehe moja. Kwa Wahindu sikukuu nyingi ni za namna hiyo. Miezi yao kumi na miwili ya mwandamo hufanya siku kama 354; na ili sikukuu zisiteleze na kuacha majira yake, kila baada ya miaka karibu mitatu huongeza mwezi wa kumi na tatu. Diwali, sikukuu ya taa, huangukia usiku wa giza wa mwezi mwandamo, katika Oktoba au Novemba. Watu wa kaskazini hukumbuka mfalme Rama aliporudi mjini mwake Ayodhya. Wafanyabiashara wa Gujarat hufungua siku hizo madaftari mapya ya hesabu. Wajaini na Masingasinga nao wana ukumbusho wao wakati huo huo. Familia nzima huvaa nguo mpya, taa ndogo za udongo zenye mafuta huwekwa mlangoni na dirishani, peremende hupelekwa kwa jirani.

Lakini mwezi wa mbinguni haumwulizi tajiri. Diwali ikianguka Jumanne, fundi yuko kazini Jumanne. Basi wakafanya wanavyoweza: jioni ya siku yenyewe wanasali kidogo nyumbani, na sherehe kubwa wanaihamishia Jumamosi, ambayo wenzetu wa Katanga huiita siku ya posho. Chama chao hukodi ukumbi wa shule, akina mama huleta vyakula, watoto hucheza ngoma walizofundishwa. Hata taa si zile zile: katika nyumba za kupanga moshi mdogo tu unaamsha king'ora cha moto, na wengi wameacha mafuta na samli wakaweka taa za betri. Navaratri, ambayo ni sikukuu ya usiku tisa mfululizo, Wagujarati wa New Jersey huigawanya katika Ijumaa na Jumamosi za majuma kadhaa, wakizunguka na kupiga makofi mpaka usiku sana. Usiku tisa umekuwa mwezi mzima. Mimi naona hapo hasara na faida: siku imepotea, lakini watu wamekutana.

Jambo moja halikuhitaji kubadilishwa sana. Kusini mwa India, mwishoni mwa siku hizo tisa, kila fundi huheshimu vyombo vya kazi yake: seremala msumeno, dereva gari, mkulima jembe. Huvioshwa, hupakwa unga mwekundu, huvikwa maua. Fundi wa programu je? Huiweka kompyuta yake mbele ya taa pamoja na vitabu vya watoto. Sisi hatufanyi ibada kwa vyombo. Tunamwomba Mungu abariki mbegu na nyavu. Lakini mtu anayekumbuka kwamba mkate wake una mahali unapotoka hanichekeshi hata kidogo.

Walipoona kwamba watakaa, walijenga. Huko Flushing, New York, hekalu la Ganesha lilifunguliwa tarehe 4 Julai 1977, na mafundi wa kuchonga mawe walitoka India. Tangu hapo mahekalu yamekuwa mengi. Siku ya Dominika watoto hupelekwa darasani kujifunza sala na hadithi za wazee wao, na wengi wa walimu ni mama zao, wale wale ambao sheria iliwanyima kazi. Mimi nifundishaye katekisimu najua kazi hiyo ilivyo: mtoto anayesoma juma zima kwa lugha nyingine hujibu sala ya bibi yake kwa sauti ya kigeni.

Tusidhani kwamba wote ni Wahindu. Wako Waislamu, na wako ndugu zetu Wakatoliki, hasa wa jimbo la Kerala, ambao kwa mapokeo yao walihubiriwa na Mtume Tomaso. Wao wana ibada yao ya Kisiro-Malabar, na mwaka 2001 Papa Yohane Paulo wa Pili aliwaundia dayosisi yao yenye makao Chicago. Watu wa Kerala wana sikukuu ya mavuno iitwayo Onam, ambayo Mkristo na Mhindu huketi pamoja, na vyakula vya majani na nafaka huandaliwa juu ya jani la mgomba. Majani ya mgomba, ambayo kwetu hayana bei, kule hununuliwa dukani yakiwa yamegandishwa kwa barafu! Onam nayo hufanywa Jumamosi.

Kidogo kidogo nchi ile imeanza kuziona sikukuu hizi. Mwaka 2009 Rais Barack Obama, ambaye baba yake alikuwa Mjaluo wa Kenya, aliwasha taa ya Diwali katika Ikulu. Mwaka 2023 jimbo la New York lilitunga sheria kwamba shule za mji wa New York zifungwe siku ya Diwali, na tarehe 1 Novemba 2024 watoto wakakaa nyumbani kwa mara ya kwanza kwa sababu hiyo. Mwaka huo huo, hata India watu walibishana kama siku yenyewe ni tarehe 31 Oktoba au 1 Novemba.

Lakini baba zao bado wanakwenda kazini. Likizo ndefu huja Desemba, wakati wa Noeli, ambapo makampuni mengi yanapunguza kazi. Ndipo fundi anapata nafasi ya kwenda kwao. Anafika nyumbani Diwali imepita zaidi ya mwezi mmoja. Taa zimetolewa dirishani, mama amemwekea peremende ndani ya bati. Na kusafiri kwenyewe ni hatari, kwa sababu mara nyingi lazima apigiwe muhuri mpya wa viza kabla ya kurudi. Mwaka 2020, ulipokuja ugonjwa wa korona, ofisi za ubalozi zilifungwa, na waliokwenda kuzika wazazi wao wakakwama miezi mingi, kazi na watoto wakiwa upande wa pili wa bahari. Wengine walipoona hayo hawakwenda kuzika.

Tena Ijumaa tarehe 19 Septemba 2025, Rais Donald Trump alitia sahihi agizo kwamba viza ya H-1B italipiwa dola 100,000, kuanzia Dominika. Haikuelezwa vizuri ni nani atakayelipa. Makampuni makubwa yakawaandikia watu wao walioko nje warudi kabla ya saa hiyo. Katika uwanja wa San Francisco abiria walikuwa wamekwisha kaa katika viti, wakaomba washushwe. Wengine walikuwa wamefika India kwa ajili ya sikukuu, wakanunua tiketi za bei ya ajabu na kugeuka. Jumamosi serikali ikafafanua: malipo ni ya maombi mapya tu, wenye viza hayawahusu. Jumatatu usiku, tarehe 22, Navaratri ikaanza huko Gujarat. Kwa waliokwisha rudi mbio Marekani ilikuwa siku ya kazi.