Machapisho ya Muda: Karatasi Zilizokusudiwa Kutupwa

Mnamo mwaka 1477 William Caxton, mpiga chapa wa kwanza wa Uingereza, alitoa kitangazo kinachoweza kufunikwa na kiganja cha mkono. Kiliwaarifu wateja, hasa mapadri, kwamba kijitabu cha kupangia ibada kinapatikana kwake Westminster kwa bei nafuu. Chini kabisa, kwa Kilatini, aliomba karatasi ile isibanduliwe. Ombi hilo halikusikilizwa sana: vitangazo vinavyojulikana leo ni viwili tu, kimoja Oxford na kingine Manchester.

Wakusanyaji wa vitabu adimu huiita karatasi ya namna hiyo efemera. Neno limetoka Kigiriki na maana yake ya asili ni kitu cha siku moja. Wanasayansi nao wamempa jina hilo mdudu ambaye akishaota mabawa huishi kwa saa chache au siku chache tu. Kundi hili ni pana: tiketi, mabango, kadi za mialiko, risiti, ratiba za michezo, lebo za viberiti, kura, fomu. Na ni la kale kama uchapaji wenyewe. Huko Ulaya, karatasi za chapa ya herufi za kupangwa zenye tarehe tunazozijua za mwanzo kabisa ni vyeti vya msamaha wa dhambi vya mwaka 1454, vyenye nafasi tupu ya kujaza jina la mnunuzi. Fomu ina umri mmoja na Biblia ya Gutenberg.

Aliyenifanya niipende taaluma hii ni John Johnson, mkuu wa kiwanda cha chapa cha Chuo Kikuu cha Oxford. Kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia alifanya kazi Misri, akichimbua mafunjo kwenye majalala ya kale. Alipoona jinsi takataka za watu wa kale zilivyotufunulia maisha yao, aliamua kuanza kuokoa takataka za karatasi za nchi yake mwenyewe. Mkusanyo wake, wenye vipande zaidi ya milioni moja, uko katika maktaba ya Bodleian tangu mwaka 1968. Miaka saba baadaye, mwaka 1975, Maurice Rickards alianzisha jijini London chama cha wapenzi wa karatasi hizi.

Sasa sisi tuziiteje? Wapo wanaosema vipeperushi. Hilo ni neno zuri, lakini linashika kipande kimoja tu cha kundi. Hakuna atakayeonyesha tiketi ya treni akasema ni kipeperushi. Makaratasi lina dharau ndani yake, ndilo tunalolitumia tukitaka kuchoma kitu. Nyaraka linapotosha zaidi, kwa sababu waraka huwekwa kwenye faili kwa makusudi, na kuna ofisi iliyoamua kwamba utunzwe. Karatasi tunayoizungumzia imeponea chupuchupu, kinyume cha matarajio ya aliyeitoa.

Napendekeza machapisho ya muda. Tunasema kibali cha muda, leseni ya muda, serikali ya muda, na kila msikilizaji anaelewa kwamba mwisho wa kitu hicho umewekwa na mtoaji tangu siku ya kwanza. Hapo ndipo penye kiini cha istilahi hii. Udogo wa karatasi si kigezo, umri wala bei navyo si vigezo. Kinachotazamwa ni kusudi la aliyeichapa. Najua watu wa maktaba watasema chapisho ni kitabu au jarida. Lakini kuchapisha ni kupiga chapa, na tiketi nayo imepigwa chapa.

Tulipime neno kwa mfano wa kwetu. Vita vilipoanza mwaka 1914, manowari za Uingereza ziliifunga pwani ya Afrika Mashariki ya Kijerumani, sarafu na noti kutoka Ujerumani zikaadimika. Mwaka 1915 utawala ukaanza kuchapa noti papa hapa Dar es Salaam, na juu yake ukaandika kwa Kijerumani kwamba ni za muda. Ukizipanga mezani utaona vita vyenyewe: karatasi hii nene, ile nyembamba, rangi hazifanani kwa sababu kilichopatikana ndicho kilichotumika. Mwaka 1917, majeshi ya Wajerumani yakiwa yanarudi nyuma, zikatolewa noti zilizopigwa kwa herufi za mpira za kuchezea watoto. Wakusanyaji huziita noti za porini. Mistari imepinda, wino umekolea huku na kufifia kule.

Uadimu wa vitu hivi unatokana na kutumika kwake. Usiku wa tarehe 4 Julai 1776, John Dunlap wa Philadelphia alichapa tangazo la uhuru wa Marekani, inakadiriwa nakala 200, zikasambazwa na kubandikwa. Zinazojulikana sasa ni 26. Moja ilikutwa nyuma ya picha iliyonunuliwa kwa dola 4 kwenye soko la vitu vikuukuu. Mwaka 1991 iliuzwa mnadani kwa dola milioni 2.42.

Mimi hunivutia zaidi George Thomason, muuza vitabu wa London. Kati ya mwaka 1640 na 1661, nchi ikipitia vita vya wenyewe kwa wenyewe, alikusanya vijitabu, magazeti na matangazo yapatayo 22,000, na kwenye vingi akaandika kwa mkono tarehe aliyovipata. Wanahistoria wa vita vile bado wanazitegemea tarehe zake, maana karatasi isiyojulikana ilipatikana lini na wapi imepoteza nusu ya ushahidi wake.

Basi kadi ya mchango wa harusi iliyoko mezani kwako, yenye majina ya wazazi wa pande zote mbili, mwenyekiti wa kamati na ukumbi, isiende na taka. Nyuma yake andika kwa penseli tarehe, mji na aliyekuletea. Usiitie selotepu, gundi yake huigeuza karatasi rangi. Wala usiigandishe ndani ya plastiki kwa mashine ya moto, kwani haitoki tena. Iweke kwenye bahasha isiyo na asidi, na kwenye orodha yako uandike: chapisho la muda, kadi ya mchango, kisha mji na mwaka.