Heroini katika pwani ya Afrika Mashariki

Heroini, inayojulikana mitaani Mombasa, Unguja na Dar es Salaam kama unga, ni dawa ya kulevya itokanayo na utomvu wa mmea wa afyuni. Mmea huo haulimwi Afrika Mashariki. Unga uliletwa na bahari, ukaanza kuonekana pwani katika miaka ya 1980, na hadi leo ndiyo dawa iliyoumiza familia nyingi za mwambao kuliko nyingine zote zilizopigwa marufuku.

Afyuni kuvuka bahari kwa faida ya watu wa mbali si jambo jipya. Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ilihodhi kilimo chake Bengal, ikaiuza kwa mnada Calcutta, na wafanyabiashara wakaiingiza China kwa magendo licha ya amri za mfalme wa huko. Kufikia mwisho wa miaka ya 1830 China ilikuwa ikipokea makasha karibu 40,000 kwa mwaka, huku fedha yake ikimiminika nje kuyalipia. Mwaka 1839 afisa Lin Zexu aliharibu zaidi ya makasha 20,000 huko Humen kwa maji, chumvi na chokaa. Uingereza ikajibu kwa manowari. Mkataba wa Nanjing wa 1842 uliipa Uingereza Hong Kong pamoja na fidia ya dola milioni 21, na mwaka 1858 biashara yenyewe ikahalalishwa. Wachina wakaanza kuilima wao wenyewe, na wavutaji wakazidi katika kila tabaka, kuanzia maofisa hadi wachukuzi. Mwaka 1907 ndipo London ilipokubali kupunguza shehena hatua kwa hatua. Miaka saba baadaye, tarehe 1 Januari 1914, Waingereza hao hao walianza kutekeleza sheria ya afyuni katika himaya yao ya Afrika Mashariki, sheria iliyopiga marufuku bangi pia.

Heroini inayofika pwani kwa miaka mingi imetoka zaidi Afghanistan. Hupitishwa hadi pwani ya Makran, nchini Pakistan na Iran, ikapakiwa katika majahazi yanayoshuka na kaskazi. Kusi ikivuma, bahari huchafuka na safari hupungua. Majahazi hayo kwa kawaida hayatii nanga bandarini. Mzigo hushushwa baharini kwenye maboti madogo, kisha huingia nchi kavu kupitia vijiji na fukwe zisizo na ulinzi. Aprili 2014 manowari ya Australia, HMAS Darwin, ilikamata zaidi ya tani moja ya heroini kwenye jahazi nje ya pwani ya Kenya. Mwaka huo huo meli Al Noor, iliyonaswa na zaidi ya kilo 300, ililipuliwa baharini kwa amri ya serikali ya Kenya.

Sehemu kubwa ya shehena huendelea na safari kwenda Ulaya na kusini mwa Afrika, lakini kinachodondoka njiani kinatosha kuangamiza mtaa. Biashara hii pia haiwezi kudumu bila mlinzi. Ndugu Baktash na Ibrahim Akasha wa Mombasa, ambao baba yao aliuawa kwa risasi Amsterdam mwaka 2000, walikamatwa Novemba 2014 kwa biashara ya dawa za kulevya. Kesi yao ilisuasua mahakamani nchini Kenya hadi walipopelekwa New York Januari 2017. Huko walikiri makosa, yakiwemo ya kuhonga maofisa wa Kenya ili kukwamisha kesi hiyo, na wakahukumiwa vifungo vya miaka 25 na 23. China ililazimishwa kwa mizinga. Hapa mlango ulifunguliwa kwa hongo, na kwa wakazi wa Kisauni au Malindi matokeo hayakutofautiana sana.

Watumiaji wa mwanzo walivuta heroini ya kahawia kwa moshi, au waliichanganya na bangi katika sigara. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ikaenea ile nyeupe, inayoyeyuka kwa urahisi katika maji, na sindano zikaingia maskani. Mtu aliyekosa kete, yaani dozi yake ya unga, hushikwa na arosto: maumivu ya viungo, kutapika, kuharisha, jasho na kukosa usingizi. Mengi ambayo jirani huyaona kuwa ni ukorofi wa teja (mtumiaji wa unga), kama kuuza sufuria za mama yake au kukwapua simu, hutokana na hofu ya hali hiyo. Wengine wameuawa na umati kwa wizi mdogo. Wanawake huumia zaidi, kwa kuwa aibu huwafungia milango ya nyumbani na ya hospitali kwa pamoja. Kuchangia sindano kumeeneza virusi vya UKIMWI: nchini Kenya, miaka ya mwanzo ya 2010, kama asilimia 18 ya wanaojidunga walikuwa navyo, karibu mara tatu ya kiwango cha watu wazima kwa jumla.

Familia na jumuiya za mitaa zilitangulia serikali. Omari Project ilianza kupokea watumiaji Malindi katika miaka ya 1990, shirika la Kiislamu la MEWA likafanya hivyo Mombasa, na Zanzibar zikafunguliwa nyumba za kuacha dawa ziitwazo soba, zinazoendeshwa na watu waliowahi kutumia wenyewe. Mwaka 2012 serikali ya Kenya ilipotangaza mpango wa kugawa sindano safi, baadhi ya viongozi wa dini pwani waliupinga wakisema unahalalisha dhambi. Pingamizi hilo linaeleweka kwa wazazi waliozika watoto, lakini sindano chafu haimrudishi mtu kwenye ibada. Humpa ugonjwa wa pili.

Tiba ya methadoni ilianza Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, Februari 2011, kisha Mathari, Nairobi, Desemba 2014, na Malindi mwaka 2015. Hii ni dawa ya maji inayozuia arosto bila kumlewesha mgonjwa aliyepimiwa dozi sahihi. Kwa kawaida huinywa mbele ya mhudumu kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo, kwa miezi au miaka. Dozi hutolewa bure, lakini nauli ni ya mgonjwa, na anayeishi mbali na kliniki hulazimika kuitafuta nauli hiyo kila asubuhi kabla ya kutafuta kibarua.