Vinasaba vya upande wa mama vyaweza kujibu swali la fuvu la Mkwawa

Na Mwandishi Wetu, Igowole

KWA wakazi wa Igowole wilayani Mufindi na Mkoa mzima wa Iringa, fuvu la Mtwa Mkwawa lililohifadhiwa katika makumbusho ya Kalenga si kitu cha maonyesho tu. Ni kichwa cha mtawala aliyejiua kwa risasi Julai 19, 1898, badala ya kukamatwa na Wajerumani. Hata hivyo, swali moja limedumu: je, fuvu hilo ni lake kweli?

Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa Uingereza ndani ya miezi sita. Lilirejeshwa mwaka 1954, baada ya Gavana Edward Twining kulichagua miongoni mwa mafuvu ya makumbusho ya Bremen kwa kulinganisha vipimo vyake na vya vichwa vya ndugu wa Mkwawa waliokuwa hai. Vipimo hivyo havitoshi kumtambulisha mtu, kwani watu wengi wana vichwa vyenye umbo linalofanana.

Wachunguzi wa jinai leo wana njia nyingine: DNA ya mitokondria. Mitokondria ni vijisehemu vya seli vinavyozalisha nguvu, navyo vina vinasaba vyao nje ya kiini cha seli. Vinasaba vya kiini huwa na nakala mbili tu katika kila seli, ilhali vya mitokondria huwa na mamia hata maelfu. Kwa sababu hiyo, hupatikana katika mifupa mikuukuu, meno, na hata unywele usio na mzizi.

Vinasaba hivyo hurithiwa kwa mama pekee. Ndugu wa tumbo moja, mama yao na bibi yao mzaa mama huwa navyo vya aina moja. Kwa njia hiyo, mabaki ya malkia wa mwisho wa Urusi, aliyeuawa mwaka 1918, yalitambuliwa katika miaka ya 1990 kwa damu ya Philip, mume wa Malkia wa Uingereza. Mwaka 1996, mahakama ya Tennessee nchini Marekani ilipokea ushahidi wa aina hiyo katika kesi ya mauaji.

Lakini njia hii ina mipaka. Huonyesha ukoo wa kike, haimtaji mtu mmoja. Mkwawa hakuwarithisha watoto wake vinasaba hivyo; ulinganisho ungehitaji wazao wa dada zake kwa mfululizo wa mabinti. Wajukuu wa kiume wa ukoo wake wangepimwa kwa kromosomu Y, inayotoka kwa baba kwenda kwa mwana.

Kwamba jambo hilo linawezekana lilidhihirika Septemba 2023, makumbusho ya Berlin yalipotangaza kupatikana kwa ndugu wa mafuvu matatu kutoka Kilimanjaro, mojawapo likiwa la akida aliyekuwa mshauri wa Mangi Meli.

Nchini, upimaji huongozwa na Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya mwaka 2009 na kusimamiwa na Mkemia Mkuu wa Serikali. Kwa Kalenga, uamuzi wa awali ni wa familia yenyewe: kama ipo tayari kulipokea jibu lolote litakalotolewa na maabara.