Mwenye Pumu na Dawa za Maumivu Baada ya Upasuaji

Mama mmoja ameuliza hivi: dadake ana pumu, na atajifungua kwa upasuaji. Ameambiwa kwamba mwenye pumu hapewi dawa ya maumivu. Je, itabidi avumilie tu?

Hapana. Lakini hofu hiyo haikuzuka hivi hivi. Ina historia yake.

Mwaka wa 1899, kampuni ya Bayer ya Ujerumani ilianza kuuza aspirini, ikaenea duniani kote. Mwaka wa 1922 daktari Mfaransa, Fernand Widal, pamoja na wenzake, walieleza habari za mgonjwa wa pumu ambaye aspirini ilimbana kifua. Hawakutegemea maneno tu. Walimpa dawa hiyo huku wakimwangalia, na pumu ikampanda mbele ya macho yao. Waliandika kwa Kifaransa, na kwa miaka mingi ni wachache waliotilia maanani. Ilipofika 1968, Max Samter na mwenzake Beers, huko Chicago, Marekani, walilieleza jambo hilo upya: pumu, vinyama vinavyoota ndani ya pua, na kudhuriwa na aspirini huweza kumpata mtu mmoja kwa pamoja.

Kwa nini? Mwaka wa 1971, John Vane wa London alionyesha kwamba aspirini huzuia mwili kutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Kemikali hizo huleta maumivu, lakini baadhi yake hulinda mapafu. Zikipungua ghafla, kwa watu fulani kemikali nyingine zinazobana mirija ya hewa huzidi. Mwaka wa 1975 Andrzej Szczeklik na wenzake, huko Poland, walionyesha kwamba si aspirini peke yake. Dawa nyingine zinazozuia prostaglandini kwa njia hiyo hiyo huwabana wagonjwa hao pia. Brufen imo. Diklofenaki imo, ile ambayo kina mama wengi hupewa baada ya upasuaji kwa sindano, au kwa dawa ya kuingizwa njia ya haja kubwa. Majina ni tofauti, ukoo ni mmoja.

Sisemi haya ili kukutia hofu. Kati ya watu wazima 100 wenye pumu, wanaodhuriwa hivi ni kama 7 tu, na kwa watoto wadogo ni nadra. Aliyekwisha kumeza brufen bila shida, daktari anaweza kumpa tena.

Kuna hatari nyingine ambayo watu huisahau: maumivu yenyewe. Mama mwenye kidonda cha tumbo kinachouma hupumua juu juu na huogopa kukohoa. Makohozi hukaa kifuani, na kwa mwenye pumu hilo ni balaa. Kwa hiyo lazima atulizwe. Panadol kwa kipimo cha kawaida huwafaa karibu wote, hata wale wasiopatana na aspirini. Daktari anaweza pia kutia ganzi karibu na kidonda, au kutoa mofini huku wauguzi wakiangalia jinsi anavyopumua. Akitaka kukohoa, akumbatie mto juu ya kidonda. Uchungu hupungua sana.

Nikiwa wodini niliwahi kumpokea mama ambaye hakutaja pumu yake hata mara moja. Nilipomwuliza, alinijibu, "Sista, si mlinipasua tumbo? Kifua kinahusu nini?" Sikumlaumu. Hakuna aliyekuwa amemweleza.

Basi dadako, kabla ya kuingia thieta, aseme mambo haya: nina pumu, dawa fulani ya maumivu iliwahi kunibana, au haijawahi, nina vinyama puani, au sina. Ataje pia tembe za kichwa anazonunua dukani, maana nyingine zimechanganywa na aspirini. Asiache dawa zake za pumu bila kuambiwa na daktari. Na inhela aende nayo hospitalini, ikae mahali mkono wake unapofika akiwa amelala.